Nyuma, Sabini na Nne

6 Machi 1979, Jumanne
Mvua tangu Jumamosi. Hobe na mimi tumetandika kitambaa cheupe juu ya kitalu cha tumbaku na kukipigilia vigingi pembeni. Nilimwambia kinafanana na sanda. Akasema, "Shemeji, wewe hata keki ya harusi ungeiona jeneza." Hobe ni binamu wa marehemu mume wangu Dell, na shamba lake linapakana na langu upande wa bondeni.

Shimo la malishoni, mlango wa pango, bado linavuta hewa. Majira ya baridi pango huvuta pumzi ndani, na joto likija huitoa. Nilipopita leo lilinivuta upindo wa koti, nikaongeza mwendo.

Mchana binti yangu Twyla akapiga simu kutoka chuoni.

"Mama, kuna mchezo humu chumba cha kompyuta, kila mtu anaucheza. Hauna picha, ni maandishi tu. Unaambiwa uko wapi, nawe unajibu kwa maneno mawili: nenda kusini, shika taa, hivyo hivyo."

"Ndicho ulichokwenda kusomea hicho?"

"Mama, nisikilize. Ni pango letu."

7 Machi
Mvua. Sikufanya kitu cha maana.

11 Machi, Jumapili
Twyla amekuja na mkunjo wa karatasi urefu wa zulia, mchezo mzima kama ulivyochapwa. Tuliutandaza juu ya meza ya jikoni, juu ya plastiki ambayo chini yake imelala ramani yangu ya pango ambayo haijaisha. Akasoma huku maharage yakichemka.

Naukumbuka mwanzo wake. Baridi ya mwaka 1976 Twyla alivunjika mguu, akawa hawezi kushuka nasi pangoni. Dell, ambaye kazi yake ilikuwa kompyuta za kampuni ya simu, akamtengenezea pango la maneno. Alikuwa na mashine ya kuchapa kule chumba cha chini ya nyumba, imeunganishwa na kompyuta ya kazini kwa waya wa simu. Twyla alikaa pale na plasta yake, anaandika "nenda chini," na baba yake anachekea jikoni. Mimi sikuwahi kuucheza. Niliwaambia kama nataka kulowa najua mlango uliko.

Dell alipokufa nilidhani mchezo umekufa naye. Kumbe ulikuwa umebaki kwenye kompyuta ya kazini, mtu akaunakili, mwingine akaunakili. Mwanafunzi mmoja wa magharibi, Lowell Pruss, akatia hazina, na vijitu vifupi vinavyorusha mashoka, na zimwi darajani.

"Na si huo tu, Mama. Kuna mwingine wenye vyumba mia tatu. Shule moja wameugeuza ngome ya mfalme. Ila ukiwa ndani ya ngome bado unasikia matone."

"Vijitu vya mashoka! Baba yako aliogopa hata kuku."

Tukacheka. Kisha akasoma: "Unasikia maji upande wa kushoto. Usiyaamini, ni mwangwi." Nikaacha kukoroga maharage. Hiyo ilikuwa sauti ya Dell, maneno hayo hayo aliyokuwa akiniambia kila tulipofika pale. Nilimwambia Twyla asome tena, na nikachukua penseli ya bluu. Kila sentensi iliyokuwa ya Dell niliipigia mstari, na zile za mashoka nikaziacha. Kufikia saa kumi jioni karatasi ilikuwa na bluu nyingi kuliko nilivyotazamia. Alikuwa amelala humo miaka mitatu, na watu wasiomjua wanamsemesha kila siku.

14 Machi
Hobe ameleta nyama ya nguruwe ya kukausha. Alipoona karatasi mezani alivua kofia.

"Anaongea kweli?"

"Ni mashine, Hobe."

"Sijauliza hilo, shemeji."

19 Machi, Jumatatu
Mto umepanda hadi kwenye ua wa kanisa.

Twyla kapiga simu, anacheka. Kuna mahali pamoja ambapo chuo kizima kinapatukana: Chumba cha Birika. Ukitoka hapo kwenda chumba kikavu cha juu unaandika mashariki. Ukitaka kurudi, kila mtu mwenye akili anaandika magharibi, na taa inazimika unakufa. Njia ya kurudi nayo ni mashariki.

"Unaingia kwa mashariki, unatoka kwa mashariki! Baba alikuwa na ukorofi huo, Mama?"

Nikamwambia maziwa yanachemka, nikakata simu. Hakukuwa na maziwa.

Nitaandika hapa jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote. Kupima pango ni kazi ya sauti. Mmoja anatangulia na dira, humwoni naye hakuoni. Anataja namba, yaani digrii za dira, mwandishi anairudia kama alivyoisikia, na yule wa mbele akiridhika anasema, "Imekaa." Hapo ndipo penseli inagusa karatasi. Isiporudiwa, ni kama haikusemwa. Dell alinifundisha hivyo kabla hajanichumbia, nami nimewafokea watu wazima kwa kosa la kutorudia.

Novemba ya 1975 tulikuwa chini ya ardhi kwa saa kumi na tatu. Mimi nilikuwa kwenye alama ya kupimia ya arobaini na moja, ndicho hicho Chumba cha Birika, ambapo njia inagawanyika. Mashariki ni tundu linalosinyaa hadi linaisha, na mto ukipanda hujaa kwanza. Magharibi unapanda hadi chumba kikavu ambacho maji hayajawahi kukifikia. Dell alikuwa ameshavuka kwenda kule kukavu, alama ya arobaini na mbili, akawa ananipima kwa kuangalia alikotoka. Akapiga kelele: "Nyuma, sabini na nne!"

Neno "nyuma" ndilo lenye uzito. Maana yake: ninakuangalia wewe, kwa hiyo igeuze nusu duara, siyo sabini na nne bali mia mbili hamsini na nne, siyo mashariki bali magharibi. Nilikuwa natetemeka. Vidole vilikuwa havina hisia, na nilitaka kwenda nyumbani. Nikajibu, "Haya."

Nikaandika sabini na nne, bila ya lile neno. Kwenye karatasi yangu, chumba kikavu kikahamia mashariki, ndani ya tundu linalojaa maji.

Tarehe 12 Aprili 1976 Dell alishuka peke yake, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Mto ukapanda nyuma yake. Walimkuta siku ya tatu. Hobe alikuwa miongoni mwa waliomtoa, naye aliniambia tu, "Ilikuwa karibu na arobaini na moja, shemeji." Sikuuliza upande gani. Dell hakuwa na kumbukumbu ya kulia wala kushoto. Aliamini karatasi, na karatasi ilikuwa yangu. Baada ya mazishi nilikaa kuchora, mistari ikakataa kukutana pale ilipopaswa, na ndipo nikaisikia sauti yangu mwenyewe ikisema haya. Tangu siku hiyo ramani iko chini ya plastiki, na sisi tunakula juu yake.

Sasa mchezo unasema mambo mawili. Aliyeandika kwamba unaingia kwa mashariki aliniamini mimi. Aliyeandika kwamba unarudi kwa mashariki alijua ukweli. Mtu mmoja hawezi kuwa ameandika yote mawili. Nikijua ipi ni ya Dell, nitajua kama nilimuua.

20 Machi
Nimemwandikia Lowell Pruss barua. Nimeirarua.

22 Machi
Nimeandika nyingine. Maneno manne tu ya maana: unayo ile ya kwanza? Twyla ndiye atakayeitafutia anwani.

29 Machi
Mvua. Miche imechipua chini ya kitambaa. Ni midogo kama vichwa vya pini.

12 Aprili, Alhamisi
Miaka mitatu leo. Sikwenda makaburini. Nilikwenda shimoni, nikasimama na mwavuli. Hewa ilikuwa imetulia kabisa, haivuti wala haitoi. Nikasema kwa sauti, "Nyuma, sabini na nne." Nilijiona mjinga. Lakini nilisubiri kujibiwa, na hilo ndilo lililonitisha.

15 Aprili, Pasaka
Twyla hakuja, ana mitihani. Hobe alikuja, akala mayai sita. Mara tatu nilifungua mdomo kumuuliza ni upande gani walimkuta. Mara zote tatu nilimwuliza kama anataka chumvi.

24 Aprili
Lowell Pruss amepiga simu. Nilitazamia mtu mwenye majivuno. Ni kijana mwenye haya, anameza mate kabla ya kila sentensi.

"Mama Cutright, nimepata barua yako. Na mimi nilikuwa nakutafuta. Kuna watu wanataka kuuweka mchezo kwenye kaseti, uuzwe kwa wenye kompyuta ndogo za nyumbani. Nikasema sitaki kabla mjane hajakubali."

"Tutafika huko. Pale Chumba cha Birika, mwanzo palikuwaje?"

"Pale? Palikuwa na hitilafu, mama. Programu inataja namba, halafu inakwama. Ukiandika mashariki inasema haijasikia. Ukiandika magharibi haijasikia. Nilihangaika nayo wiki nzima. Nikadhani marehemu hakuimaliza, nikaing'oa."

"Namba gani?"

"Sabini na nne. Ndiyo maana nikaweka njia ielekee mashariki. Sabini na nne si mashariki, mama?"

"Kabla ya namba palikuwa na neno?"

Nikasikia karatasi zikipekuliwa upande wa pili wa nchi. Nikasikia pia mvua, sijui kama ni ya kwake au ya kwangu.

"Lipo," akasema. "'Nyuma.' Nilidhani anamwambia mchezaji arudi alikotoka."

Niliketi juu ya gunia la viazi. Kijana yule, aliye mbali maili elfu mbili na ambaye hajawahi kulowa magoti ndani ya pango, alikuwa amefanya kosa langu lile lile kwa neno lile lile. Nusu ya nchi imepotea humo kwa ajili yetu sisi wawili.

"Mama? Nimeharibu?"

"Hukuharibu peke yako, mwanangu. Nitumie karatasi zote."

Kwa hiyo Dell aliandika "nyuma." Dell alijua. Nimeimba wakati nakamua ng'ombe leo jioni, na ng'ombe amenishangaa.

25 Aprili
Kama alijua, kwa nini alishuka?

3 Mei
Kurasa thelathini na moja, zimefungwa kwa kamba ya viatu. Siwezi kusoma lugha ya kompyuta, lakini Twyla aliwahi kunionyesha kwamba kuna mistari ambayo mashine huiruka. Mtu huiandika kwa ajili ya mtu mwingine. Kwenye ukurasa wa kumi na tisa upo mmoja wa Dell:

20 MACHI 76. A. ALIANDIKA BILA NYUMA. NADHANI. NIPIME TENA KABLA HAJACHORA, NISAHIHISHE DAFTARI KIMYA KIMYA. ASIJUE.

A. ni mimi. Nimeusoma hadi herufi zikaanza kutembea. Sikufunua ukurasa wa ishirini. Nimezitia karatasi kwenye bahasha, nimemtumia Twyla. Nimemwambia aipige kwenye kompyuta ya chuo kama ilivyo, asiondoe hata nukta.

Nilitaka kujua kama alipotea kwa namba yangu. Jibu ni hapana. Alikwenda kwa ajili ya namba yangu, aisahihishe. Alishuka peke yake kwa sababu mtu wa pili angelazimika kuambiwa kosa ni la nani.

9 Mei
Baridi imerudi, ile ambayo watu wa huku huiita baridi ya maua ya beri. Maua meupe kando ya uzio, na theluji nyepesi juu yake. Nimechemsha mboga, nimezimwaga.

13 Mei, Jumapili
Hobe alinikuta nimekaa kwenye gari nje ya kanisa, sijashuka.

"Shemeji, tangu Machi una uso wa mtu aliyemeza funguo. Sema."

"Mlimkuta upande gani?"

Akazungusha kofia yake. Watu wote wakaingia kanisani, wakaanza kuimba, sisi tuko pale pale.

"Nilidhani hutaniuliza kamwe," akasema. "Nikashukuru Mungu kila mwaka."

"Hobe."

"Upande mkavu. Kule juu. Hakuna tone lililomgusa, ila alikuwa ameshalowa njiani. Baridi ndiyo iliyomchukua; maji yalimfungia mlango tu. Alikuwa ameketi, penseli mdomoni, dira imefungwa mkononi kwa uzi. Ameangalia tulikokuwa tunatokea. Mimi nilipopanda na taa nikadhani ananipima." Akatazama mlango wa kanisa. "Nikamwita jina, shemeji. Mpumbavu mimi. Nikamwita mara mbili."

Akaenda kwenye gari lake, akafungua kisanduku cha mbele na kunipa dira ya Dell. Ameiweka humo miaka mitatu, pamoja na misumari na peremende. Alisema hakujua kama kunipa ni huruma au ukatili, basi kila siku akaahirisha.

Sikumkasirikia. Mimi na Hobe tulikaa na nusu nusu ya ukweli, uzio mmoja kati yetu, tukipeana chumvi.

21 Mei
Kitambaa kimeondolewa. Miche imefika kiganja.

22 Mei
Lowell amepiga tena. Nimempa ruhusa, kwa sharti moja: pale Chumba cha Birika parudi kama palivyokuwa.

"Mama, hakuna mchezaji atakayejua la kuandika pale!"

"Mwongozo wako uwaambie kwamba pangoni kila unachoambiwa unakirudia chote."

"Na vijitu vyangu?"

"Vijitu vibaki. Zimwi pia. Mtu hawezi kupima kutwa nzima."

26 Mei, Jumamosi
Twyla amerudi nyumbani kwa likizo. Amekwenda moja kwa moja chumba cha chini, akaipangusa mashine ya Dell, akawafukuza buibui, akaunganisha simu na kompyuta ya chuo, ambako yeye na wenzake wawili walipiga kurasa zote thelathini na moja kwa vidole vyao. Ilikuwa saa nne asubuhi, jua la kwanza la wiki liko dirishani. Hobe alisimama kwenye ngazi, hakukubali kushuka hadi chini.

"Kaa wewe, Mama," Twyla akasema. "Hii si yangu."

"Alikutengenezea wewe."

"Mengine yote, ndiyo. Kaa."

Nikakaa. Mashine ile hupiga kelele kama cherehani mbovu na haijui herufi ndogo. Hakukuwa na mashoka wala zimwi. Palikuwa na barabara ya shambani kwetu, mwerezi uliopigwa na radi, shimo la malishoni. UNAHISI UPEPO UKIKUVUTA KOTI. Nilishuka chumba baada ya chumba. Vidole vyangu viliijua njia, ingawa mimi sijashika taa tangu alipokufa. MAJI UPANDE WA KUSHOTO. USIYAAMINI. Nilijikuta ninaitikia kwa kichwa.

Nikaingia Chumba cha Birika. Ikachapa mstari mmoja, ikanyamaza:

NYUMA, SABINI NA NNE.

Niliitazama. Nilijua la kuandika. Nimelijua miaka mitatu. Lakini mikono yangu ikafanya ilichofanya siku ile, sijui kwa nini, labda nilitaka kuona. Nikaandika HAYA.

Ikajibu bila kusita:

HAYA SI NAMBA.

Kule ngazini Hobe akaketi kwa kishindo. Mimi nilimgeukia Twyla. Alikuwa anaangalia viatu vyake. Yeye ndiye aliyepiga mstari ule kwa mkono wake. Ameujua tangu wiki mbili zilizopita, na ule wa ukurasa wa kumi na tisa pia, na hakuniambia. Dell alikuwa ameisikia haya yangu. Aliisikia ikipita gizani, akaiacha ipite, kwa kuwa nilikuwa natetemeka. Kisha akaja kuisemea huku, mahali ambapo alijua sitafika.

Nikaandika maneno mawili: NYUMA 74.

IMEKAA, ikachapa. NJIA IKO WAZI UPANDE WA MAGHARIBI.

Nililia, na siandiki zaidi ya hapo.

Nilipoweza kuongea nilimwambia Twyla aketi juu ya kreti ya mitungi, nikamwambia yote bila kupunguza: Novemba ile, baridi, neno nililoliacha, ramani iliyo chini ya sahani zake. Nikamalizia, "Baba yako alishuka kwa sababu ya kosa langu."

Nilisubiri aseme hapana, Mama. Watu husema hivyo. Au aseme haya, apande ngazi, arudi chuoni.

Twyla ni binti wa wapima mapango. Aliniangalia usoni na kurudia, polepole, neno kwa neno:

"Baba alishuka kwa sababu ya kosa lako."

"Imekaa," nikasema.

Akanishika mkono. Tukapanda kwenda kula, na Hobe akatangulia kutufungulia mlango.

28 Mei, Jumatatu, siku ya kusafisha makaburi
Tumepeleka maua ya peoni. Kurudi tumepita malishoni. Joto limefika, na shimo linatoa pumzi. Nyasi za ukingoni zote zimelala kuelekea nje. Twyla akavua kofia ili imguse usoni.

Jioni nimetoa plastiki mezani. Arobaini na moja hadi arobaini na mbili: mia mbili hamsini na nne. Nimechora kwa wino. Kesho tunapanda tumbaku.